Mazoezi ya nguvu kwa anayeishi na MS: kujenga misuli bila kuchosha neva

Kwa miaka mingi mgonjwa wa maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo, aliambiwa apumzike. Akitoka jasho dalili zilizidi, basi madaktari wakaona heri atulie. Mwaka 1996 Petajan na wenzake huko Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya wiki 15 za mazoezi kwa watu wenye MS: walipata pumzi na nguvu zaidi. Mwaka 2009 Ulrik Dalgas na wenzake wa Denmark wakaonyesha kwamba wiki 12 za kubeba uzito kwa miguu, mara mbili kwa wiki, ziliongeza nguvu za miguu na kurahisisha shughuli za kila siku. Leo ushauri umegeuka kabisa, lakini katika nyumba nyingi za Nairobi ule wa zamani bado unasikika: "Kaa tu, usijichoshe." Unasemwa kwa upendo, na unadhuru. Msuli usiotumika hunywea, na udhaifu wa kukaa hujiongeza juu ya udhaifu wa ugonjwa. Huu wa kukaa ndio unaoweza kuondolewa, na mwongozo huu unahusu huo. Mazoezi hayarudishi mailini, yaani ala ya neva, iliyoharibika wala hayachukui nafasi ya dawa.

Jambo la kuelewa kabla ya lingine lolote ni hili. Katika MS, kinga ya mwili hushambulia mailini, ala inayofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Neva iliyochubuka bado hupitisha ujumbe, ila polepole, na ukiituma mara nyingi mfululizo, au mwili ukipata joto, ujumbe huanza kukwama njiani. Ndiyo maana mguu unaonyanyuka vizuri mara ya tatu huburuta mara ya kumi na nne. Msuli haujaisha, neva ndiyo imegoma. Ukipumzika dakika mbili tatu, unanyanyuka tena. Kwa hiyo mtu anayefuata desturi ya jimu, ya kusukuma mpaka ashindwe, anachosha neva kabla msuli haujapata kazi ya kuukuza. Mwenye MS anahitaji mzigo wa kutosha, marudio machache, pumziko refu na mwili usiopata joto. Mengine yote hapa chini ni njia za kutimiza hayo manne.

Kabla ya kushika uzito

Mweleze daktari wako wa neva kwamba unataka kuanza, hasa kama una shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, mifupa iliyodhoofika au kidonda cha kulalia. Ukiwa umetumia dawa za steroidi mara nyingi, uliza kuhusu mifupa, kwa sababu steroidi za muda mrefu huidhoofisha, na misuli pia.

Kama mfuko unaruhusu ziara moja tu kwa mtaalamu wa fiziotherapia, itumie kumwuliza swali moja: misuli ipi ni dhaifu na ipi imekakamaa? Haya mawili yanafanana kwa macho. Mguu usiokunja goti unaweza kuwa na nyuma ya paja dhaifu, au mbele ya paja iliyokaza isiyoachia. Wa kwanza anahitaji uzito. Wa pili anahitaji kunyoosha kwanza, kisha uzito upande wa pili. Mwombe akuandikie majina ya misuli kwenye karatasi. Na uliza kama amesajiliwa na baraza la fiziotherapia la Kenya. Mtaalamu halali hatakasirika.

Dawa za kulegeza misuli, kama baklofeni na tizanidini, zinahitaji uangalifu wa saa. Baadhi ya watu husimama kwa msaada wa ule ukakamavu wenyewe: goti likikaza, linabeba mwili. Dawa ikifanya kazi, goti lilelile linaweza kukunjika ghafla. Chagua muda fulani baada ya kumeza, uone miguu inakuwaje, kisha fanya mazoezi muda uleule kila mara ili usishtukizwe. Usiache baklofeni kwa ghafla eti ujaribu nguvu zako. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Saa, joto na hali ya hewa ya Nairobi

Ongezeko la nusu digrii tu ndani ya mwili laweza kufifisha macho au kulegeza mguu kwa muda. Daktari Wilhelm Uhthoff wa Ujerumani aliliandika jambo hili mwaka 1890, na bado lina jina lake. Mwili ukipoa, hali hurudi. Halina madhara ya kudumu kwa neva, ila linaweza kukuangusha, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kuishi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari ni neema hapa. Asubuhi ya Nairobi ni baridi, na joto la mwili pia huwa chini wakati huo, kwa hiyo saa 12 hadi saa 2 ndio wakati bora kwa wengi. Kuanzia Januari hadi Machi usiahirishe mpaka mchana, na kama unaishi chini ya mabati, kumbuka kwamba kufikia saa 4 chumba kimeshakuwa tanuri. Fungua madirisha mawili yanayoelekeana. Lowesha taulo ndogo au leso, ikamue, iweke shingoni, na uiloweshe tena kila inapopata uvuguvugu. Kunywa glasi moja ya maji baridi kabla, kisha mafunda kati ya seti, yaani kati ya fungu moja la marudio na jingine. Feni ni nzuri, lakini usiitegemee peke yake. Stima ikipotea katikati ya mazoezi, taulo litabaki.

Upande wa pili ni Juni hadi Agosti. Ubaridi ule wa Julai, wa mawingu yasiyofunguka mpaka mchana, huwafanya wenye ukakamavu wa misuli waamke miguu ikiwa kama mbao. Hapo sogeza mazoezi mpaka saa 4 au 5, vaa suruali ya kufunika magoti, na zidisha muda wa kupasha mwili kutoka dakika 5 hadi 10. Usikubali kanuni moja ya mwaka mzima.

Watu wengi hupunguza maji kwa kuogopa kibofu. Tunaelewa, lakini usifanye hivyo. Maji kidogo huongeza uchovu, hufanya mkojo kuwa mkali, na maambukizi ya njia ya mkojo huzidisha dalili za MS kuliko zoezi lolote. Nenda haja kwanza, fanya mazoezi karibu na choo, na kunywa.

Vifaa vya nyumbani

Kiti kiwe cha mbao au chuma, kisicho na magurudumu, na mgongo wake uegemee ukuta. Kiti cha plastiki hakifai: miguu yake hutanuka na kuteleza kwenye taili. Cha kushikilia kiwe kitu kilichojengewa, kama kaunta ya jikoni au grili ya dirisha. Grili za nyumba zetu ziliwekwa kuzuia wezi, lakini hakuna kifaa cha mazoezi kilicho imara kuzishinda. Itikise kwanza uhakikishe haijalegea. Usishike sinki wala meza ya kahawa.

Uzito haununuliwi lazima. Chupa ya maji ya nusu lita ikijaa ni nusu kilo, ya lita moja ni kilo, mtungi wa lita 5 ni kilo 5, na pakiti ya unga ni kilo 2. Uzito wa kufunga mguuni shona mwenyewe: soksi nene iliyojazwa mchanga mkavu, ipimwe nusu kilo kwenye mzani wa dukani, ifungwe kwa kitambaa kipana. Usitembee nao nyumbani. Mguu unaoburuta vidole tayari una mzigo, ukiuongezea, unajikwaa.

Mpira wa kuvuta utaupata kwa fundi wa pancha: tyubu kuukuu ya baiskeli iliyopasuliwa kwa urefu ikawa blada. Chukua kama mita moja na nusu, uioshe kwa sabuni, kisha uivute mbele ya mwanga ukitafuta nyufa. Blada yenye ufa hukatika na kurudi usoni. Bendi za mazoezi za madukani ni laini zaidi na huja kwa rangi zenye ugumu tofauti, ila rangi hazilingani kati ya kampuni na kampuni.

Viatu viwe bapa, vyenye soli nyembamba na kisigino kilichofungwa. Patipati hapana. Viatu vya kukimbilia vyenye soli nene ya sponji pia hapana, kwa sababu vinakuondolea hisia ndogo ya sakafu uliyobaki nayo.

Mazoezi yenyewe

Anza na miguu. Ndiyo inayodhoofika mapema kwa wengi, na ndiyo inayoamua kama utafika dukani. Pasha mwili dakika 5 kwa kutembea polepole ndani au kuchezesha miguu ukiwa umeketi. Kisha fanya yaliyo magumu kwa mizani ya mwili kwanza, wakati neva bado ina nguvu.

*Kuinuka kitini.* Hili likiwa ndilo zoezi pekee unalopata muda wa kulifanya, lifanye hili. Keti ukingoni mwa kiti, nyayo zikiwa nyuma kidogo ya magoti, upana wa nyonga. Inamisha kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha inuka kwa hesabu ya mbili ukitoa pumzi. Keti kwa hesabu ya tatu. Kushuka polepole ndiko kunakojenga, na ndiko watu wanakokuruka: wanajitupa. Ukishindwa kuinuka bila mikono, usihesabu kuwa umeshindwa zoezi. Ongeza kimo cha kiti kwa mto mgumu au blanketi lililokunjwa, na upunguze kimo kadiri wiki zinavyokwenda. Angalia makosa matatu. Magoti yakiingia ndani, funga blada kuzunguka mapaja na uisukume nje. Nyuma ya magoti ikisukuma kiti, nyayo zako ziko mbele mno. Na goti likiruka kwenda nyuma mwishoni kwa kishindo, simamisha mwendo kabla halijanyooka kabisa. Mtindo huo ukiachwa huharibu goti taratibu.

*Kupanda kidato.* Ngazi ya kwanza ya matatu iko juu, na kondakta hana subira. Mafunzo yake yaanze kwenye kidato cha sentimita 10, ubao mzito usiotikisika au kizingiti cha mlango, ukishika grili. Panda kwa mguu imara, shuka ukitanguliza ule dhaifu. Ukizoea, geuza, mguu dhaifu ndio upande. Marudio 6 kila upande yanatosha mwanzoni. Fika sentimita 15, kisha 20.

*Kunyanyua goti.* Misuli inayonyanyua paja kutoka nyonga husahauliwa na karibu kila mwalimu wa jimu, na ndiyo inayouondoa mguu sakafuni unapotembea. Keti wima bila kuegemea, weka soksi ya mchanga juu ya paja karibu na goti, nyanyua goti sentimita 10, shika sekunde moja, shusha taratibu. Ukijikuta unalala nyuma ili goti lipande, uzito umezidi.

*Kuinua vidole vya mguu.* Ni dawa ya mguu unaoburuta. Keti, kisigino chini, vuta wayo juu kuelekea muundi. Kama haupandi, unyanyue kwa kuusaidia na mguu mwingine, kisha uache ushuke peke yake kwa sekunde 4. Msuli dhaifu huweza kuzuia mzigo usianguke hata pale usipoweza kuunyanyua. Neva ya hapa huchoka upesi, kwa hiyo marudio 6 hadi 8, pumzika dakika mbili, rudia. Fanya na mguu ulio imara pia. Nguvu inayojengwa upande mmoja husaidia kiasi upande wa pili, kwa sababu sehemu ya kazi hufanyika ubongoni.

*Kukunja goti nyuma.* Simama ukishika kaunta, funga soksi ya mchanga kifundoni, peleka kisigino kuelekea makalio bila paja kusogea mbele. Huu ndio msuli unaozuia goti kuruka nyuma.

*Kufungua mguu pembeni.* Ukiwa umeshika kaunta, peleka mguu pembeni sentimita 20 hivi, vidole vikitazama mbele. Usilalie upande wa pili. Mtu ambaye nyonga yake inazama kila hatua, na majirani wanamdhania amelewa, mara nyingi shida yake iko kwenye msuli huu.

*Daraja.* Lala chali kitandani penye godoro gumu, magoti yamekunjwa, nyanyua makalio, shika sekunde 3. Sakafu ni bora, lakini tu kama unajua utaamkaje.

*Kuinua visigino.* Ukishika kaunta, panda juu ya vidole na ushuke polepole. Kwa mwenye vigimbi vilivyokaza lifanye kwa nadra, na unyooshe vigimbi baada yake sekunde 30 mara mbili. Mguu ukianza kutetemeka wenyewe kwa mfululizo, kanyaga kisigino chini na uweke uzito wa mwili juu ya goti; utatulia.

Kwa mikono mawili yanatosha: kuvuta na kusukuma. Pitisha blada kwenye grili kwa kimo cha kifua ukiwa umeketi, vuta viwiko nyuma mpaka mabega yakutane mgongoni. Kisha simama umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani, viganja ukutani, shusha kifua na usukume. Kama vidole vina ganzi, tazama mkono wakati wote unaposhika chupa, au tumia mtungi wenye mpini. Mkono usiohisi huachia bila kukuarifu. Ukiinamisha shingo na ukahisi kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni, hiyo ni ishara ya Lhermitte: inua kidevu, fanya zoezi shingo ikiwa imenyooka, na mweleze daktari kama ni mpya.

Toa pumzi unapotumia nguvu. Kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu na kumletea mwenye MS kizunguzungu kwa urahisi.

Kiasi gani, na lini kuongeza

Siku mbili kwa wiki, zikiwa na angalau saa 48 kati yake. Jumatatu na Alhamisi ni mpango mzuri. Wiki mbili za kwanza chagua mazoezi matano tu, seti moja, marudio 10 hadi 12. Wiki ya tatu ongeza seti ya pili. Baada ya miezi miwili hadi mitatu, mwenye hali tulivu anaweza kufika seti tatu za marudio 8 hadi 10 kwa uzito mkubwa zaidi, na hata siku ya tatu. Pumzika dakika 2 hadi 3 kati ya seti ukiwa umeketi. Hii dakika ya tatu ndiyo ambayo watu huiiba wakidhani wanaokoa muda, na seti inayofuata inaharibika. Kama siku ni fupi, badilisha mguu na mkono: mguu ukipumzika, mkono unafanya kazi.

Acha seti ukiwa bado na marudio mawili ambayo ungeweza kuyafanya kwa umbo safi. Usitegemee mapigo ya moyo kupima ugumu, maana MS huweza kuvuruga neva zinazouongoza moyo. Jipime kwa 0 hadi 10, sifuri ikiwa kukaa na kumi ikiwa kiasi cha juu kabisa; kaa kati ya 5 na 7.

Unapofanya marudio 12 katika seti zote, vipindi viwili mfululizo, na mawili yakabaki, ongeza nusu kilo au fupisha blada kwa upana wa kiganja. Ongeza uzito kwa zoezi moja tu katika kipindi kimoja. Ukiongeza matano na kesho yake mguu ukagoma, hutajua lipi lililokuponza.

Jaribio la kiasi ni baada ya mazoezi. Ganzi, macho kufifia au mguu kulegea wakati wa kazi si ajabu, na kwa wengi hutulia ndani ya nusu saa. Zikipita saa mbili bado zipo, au ukaamka kesho umechoka kuliko kawaida yako, punguza seti moja wakati ujao lakini usiguse uzito. Wengi hufanya kinyume: wanapunguza uzito na kuongeza marudio, na wanazidi kuchosha neva. Maumivu ya misuli ya siku mbili za kwanza ni jambo tofauti. Hayo ni ya kila anayeanza.

Weka daftari. Andika tarehe, saa, uzito, marudio, usingizi wa jana na hali ya asubuhi iliyofuata. Kila wiki nne, saa ileile, hesabu umeinuka kitini mara ngapi kwa sekunde 30. Kisha pima mita 7.62 kwa futi kamba ukumbini au kwenye korido, tembea haraka kadiri ya usalama wako, na uandike sekunde. Huo ndio umbali unaotumiwa kliniki, na mabadiliko ya asilimia 20 huhesabiwa kuwa ya kweli, si ya siku nzuri au mbaya. Mtu aliyetumia sekunde 10 akashuka hadi 8 amepiga hatua ya kweli.

Msaidizi, kuanguka na kuamka

Msaidizi asimame upande dhaifu, nyuma kidogo, mkono mmoja ukishika mkanda mpana uliofungwa kiunoni mwako. Asikuvute mkono; bega la mtu dhaifu huteguka kwa urahisi. Na asikuinue kabla hujaomba, kwa sababu kila anapokuinua anakunyang'anya rudio.

Jifunze kuamka sakafuni kabla hujaanguka. Geuka ubavu, jisukume kwa kiwiko mpaka ukae, ingia magoti na viganja, tambaa mpaka kwenye kiti imara. Weka viganja juu ya kiti, kanyaga kwa mguu wenye nguvu mbele, sukuma kwa mikono na mguu pamoja, geuza makalio ukae. Ukishaketi, subiri dakika moja kabla ya kusimama. Lifanye mara moja kwa wiki mbele ya msaidizi. Lenyewe ni zoezi la mwili mzima.

Ukichagua jimu

Uliza kwanza iko ghorofa ya ngapi, na lifti hufanya kazi siku ngapi kwa wiki. Ngazi za ghorofa tatu kabla ya mazoezi zimemaliza akiba yako. Angalia choo kiko umbali gani, kuna hewa, na kama mashine ya kusukuma kwa miguu inaanza na uzito mdogo. Mashine hiyo ni nzuri sana kwa MS kwa kuwa haihitaji mizani ya mwili, lakini mguu wenye ganzi huteleza kwenye bamba bila kuhisi: utazame, na uweke kizuizi cha usalama kabla ya kusukuma. Mashine ya kunyoosha goti huwaamshia ukakamavu wenye mbele ya paja iliyokaza. Iache kama mguu unakaza na kukataa kukunjika. Mwambie mwalimu mapema kwamba hutaki kuhimizwa "moja tena". Mwalimu mwema ataelewa ukimweleza kwamba kushindwa kwako kunatoka kwenye neva.

Anayetumia kiti cha magurudumu afunge breki, afunge mkanda, na aelekeze nguvu kwenye kuvuta zaidi ya kusukuma, kwa sababu kuendesha kiti tayari ni kusukuma kutwa nzima. Kujinyanyua kwa viganja kwenye mikono ya kiti, marudio 5 hadi 8, kunamjenga kwa kuhamia kitandani na pia kunapunguzia ngozi ya makalio shinikizo.

Siku za kutofanya, na kurudi

Usifanye ukiwa na homa. Tafuta chanzo: mkojo unaochoma, kifua, au malaria kama umerudi karibuni kutoka Kisumu au Pwani. Homa hufufua dalili za zamani na kuzifanya zionekane kama mlipuko mpya wa ugonjwa. Mlipuko wenyewe hutambulikana kwa dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Hapo mwone daktari, weka uzito chini, na ubaki na kunyoosha viungo taratibu mpaka hali itulie na daktari akubali urudi.

Ukirudi, kiti kiwe juu, uzito nusu ya ulioacha, seti moja, mazoezi matano. Ongeza kila wiki, si kila siku, ukifungua daftari kwenye ukurasa wa kabla ya mlipuko ili ujue unakoelekea. Upande mmoja ukirudi nyuma ya mwingine, anza kila zoezi na huo, na ule imara ufanye marudio yaleyale, yasizidi.